Bustani ya Mimea ya Kudumu Pwani: Kutoka Shimo la Kwanza hadi Masika ya Pili

Mtu akihamia nyumba mpya hapa Dar es Salaam, hakawii kununua miche. Anapita kwenye vitalu vya kando ya Barabara ya Bagamoyo, anachagua ile yenye maua mengi, anaipakia kwenye bajaji, na jioni ileile imeshapandwa. Wiki tatu kiwanja kinapendeza. Mvua ikikata, majani yanaanza kunyong'onyea, na kufikia Septemba vimebaki vijiti. Mwenye nyumba anasema hana mkono wa kupanda.

Mkono hauna kosa. Mimea ya kudumu, yaani ile inayoishi miaka na miaka bila kupandwa upya kama tupandavyo mchicha na bamia, hufa kwa sababu kiangazi chake cha kwanza kimeikuta na mizizi mifupi. Mwasumini uliovuka kiangazi hicho utakuchumia maua mpaka watoto wako waoe na kuolewa. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata majira: kazi za kabla ya mvua, kazi za wakati wa mvua, na namna ya kuuvusha mmea hadi masika yanayofuata. Nimeuandika kwa ajili ya bustani ya nyumbani ya pwani, yenye maua ya kunukia na majani ya chai.

Yajue majira ya kwako

Kuanzia Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, Tanga na Mombasa, na visiwani Unguja na Pemba, mvua ni mbili. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,100 kwa mwaka, na fungu kubwa huanguka wakati wa masika, hasa Aprili. Kati ya mvua hizo kuna viangazi viwili, navyo havifanani. Januari na Februari ni kaskazi: jua la utosi na joto mchana na usiku. Juni hadi Septemba ni kusi: hewa imepoa, watu wanalala vizuri, lakini upepo unanyonya maji kwenye majani na udongo siku nzima. Kiangazi cha kusi ndicho kinachoua miche mingi zaidi, kwa kuwa ni kirefu na ubaridi wake hudanganya. Mtu hajisikii joto, basi anadhani na mmea hauna kiu.

Lindi na Mtwara mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Aliye huko asogeze tarehe zote nitakazotaja.

Wakati bora wa kupanda ni mwanzoni mwa masika, mvua ikishashika. Usikimbilie tone la kwanza. Chimba kidogo kwa panga uone: udongo ukiwa umelowa kina cha sentimita 20, panda. Hapo mche unapata wiki nane au zaidi za kuteremsha mizizi kabla ya kusi. Vuli nayo inafaa, lakini mara nyingine huchelewa au hunyesha kwa kuonjesha, basi ukipanda vuli uwe na uhakika wa maji Januari na Februari.

Kagua kiwanja kabla ya kununua chochote

Chukua siku moja ya mapumziko ukae nyumbani na kutazama jua. Saa mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi jioni: weka alama panapopata jua na penye kivuli. Mwaridi na bogonvilea zinataka jua la moja kwa moja saa sita au zaidi kwa siku. Mwasumini unavumilia kivuli kidogo cha mchana, ila ukiunyima jua kabisa utakupa majani tu. Mnanaa unapenda kivuli cha alasiri.

Kisha pima jinsi ardhi inavyonywa maji. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yazame, halafu lijaze tena. Yakiondoka ndani ya saa chache, sawa. Yakiisha kwa dakika chache, una mchanga mtupu na utahitaji mboji nyingi. Yakilala hadi kesho yake, hapo pana mfinyanzi au pameshindiliwa wakati wa ujenzi. Panda juu ya tuta la sentimita 20 hadi 30, la sivyo mizizi itaoza Aprili.

Jambo la tatu ndilo lililonigharimu mimi. Miaka iliyopita nilipanda miwaridi minne chini ya ukuta wa mbele, kwa samadi nzuri na maji ya kutosha. Ikawa ya manjano, mishipa ya majani ikabaki kijani, na miwili ikafa. Nilipochimba nikakuta chini ya udongo wa juu, kina cha kiganja tu, kuna kifusi: vipande vya tofali, mabaki ya plasta, saruji iliyoganda. Mafundi walikuwa wamefukia uchafu wao palepale. Saruji huufanya udongo uwe na chokaa nyingi, na katika udongo wa namna hiyo mmea hauwezi kunyonya madini ya chuma hata kama yamo. Hivyo karibu na kuta chimba kwanza uone. Ukikuta kifusi, kitoe chote au panda kwingine.

Wenye viwanja vya mawe ya matumbawe, Unguja na sehemu nyingi za ufukweni, wana tatizo hilohilo kwa asili ya ardhi yao. Dawa yake ni mboji, mwaka hadi mwaka. Jivu la jikoni linalosifiwa sana na wakulima wa bara lisiwekwe hapo, kwa kuwa linaongeza kilekile kilichozidi.

Onja pia maji ya kisima chako. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na dalili yake kwenye mmea ni ncha za majani kuungua na kuwa kahawia. Kama huna maji mengine, mwagilia mengi kwa mara moja badala ya kidogo kila siku, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Na ukiweza, vuna mvua: paa la bati la mita za mraba 50 hupokea lita 500 kwa mvua ya milimita 10 tu. Hata ukipoteza moja ya tano, pipa mbili zimejaa.

Nini cha kupanda

Bustani ndogo yenye mimea saba inayotunzwa ni bora kuliko thelathini inayoteseka. Hii ndiyo ningeanza nayo.

Mwasumini ndio wa kwanza. Panda mmoja karibu na dirisha la chumba cha kulala, kwa kuwa maua yake hufunguka usiku na harufu huingia ndani. Ule wa maua mazito yenye petali nyingi unapendeza machoni, lakini wa petali chache huzaa zaidi, na kwa kutunga maua kwa uzi ndio rahisi.

Mlangilangi ni mti mkubwa ukiuachia. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, na majirani zetu wa Visiwa vya Komoro wameufanya zao la biashara kwa ajili ya mafuta yake ya manukato. Wao huukata kilele na kuuacha kimo cha mita mbili au zaidi kidogo, matawi yakainama na maua yakafikiwa kwa mkono. Nyumbani fanya hivyohivyo. Usiupande chini ya mita tano kutoka kwenye ukuta, bomba la maji au shimo la maji taka.

Mwaridi unataka kazi, na nitasema wazi: kama huna muda wa kuutazama kila wiki, usiuweke. Bogonvilea ni kinyume chake. Asili yake ni Amerika ya Kusini, inapenda jua na ukame, na ile rangi tunayoiita ua ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kijidude cheupe cha katikati. Haifai kando ya mlango wenye watoto wadogo, miiba yake ni mirefu.

Mchaichai haukosekani. Shina moja likipata nafasi hujaza sufuria za chai za mtaa mzima. Mrehani huishi miaka miwili au mitatu ukikatwa vizuri, kisha hukomaa kuwa kuni. Weka mche wa kuurithi. Mnanaa upande kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa kitako, kwa sababu ukiachiwa ardhini hutambaa hadi kwa mwasumini na kunywa maji yake.

Neno la tahadhari kuhusu mimea miwili mizuri iliyojaa mitaani. Waridi la jangwani, lile lenye shina nene kama mtungi na maua ya waridi, na oleanda yenye majani membamba, zote zina sumu. Utomvu wa waridi la jangwani ulitumika kwenye mishale. Kama una mtoto anayetambaa au mbuzi anayezurura, ziache kitaluni.

Kuchagua mche

Kitaluni macho yanavutwa na mche wenye maua. Uache. Mche wenye maua mengi ndani ya kiriba kidogo, yaani ule mfuko wa plastiki wa kitaluni, umetumia nguvu zake zote kwenye maua, na ukihamishwa utashtuka. Chagua mfupi, mnene, wenye matawi matatu au manne yanayoanzia chini. Inua kiriba utazame kitako: mizizi michache inayochungulia ni sawa, lakini mizizi minene iliyotoboa na kuzama ardhini maana yake mche umekaa mno, na muuzaji atakapoung'oa nusu ya mizizi itabaki kwake. Geuza majani. Weupe kama pamba, vidudu vya kijani, au sisimizi wanaopanda na kushuka, vyote ni sababu ya kwenda kwenye mche mwingine.

Au usinunue kabisa. Tawi la kuomba kwa jirani ndiyo njia ambayo bustani nyingi za pwani zilianza. Kata tawi la mwasumini au bogonvilea lenye unene wa penseli, si changa la kijani kibichi wala gumu kama kuni, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Kata mshazari chini ya kifundo, pale jani linapotokea, kwa maana mizizi hutokea hapo. Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu, nayo yapunguze nusu. Chomeka theluthi mbili za urefu kwenye mchanga uliochanganywa na mboji kidogo, mwagia, funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, weka kivulini. Usiling'oeng'oe kutazama kama limeshika. Mwasumini huchukua wiki nne hadi sita, na utajua kwa majani mapya. Chomeka matano ili upate matatu.

Shimo

Hapa usifanye haraka. Chimba wiki mbili au tatu kabla ya kupanda. Kwa mlangilangi shimo liwe sentimita 60 kwa 60 na kina 60. Kwa mwasumini, mwaridi na bogonvilea 45 zinatosha. Mchaichai na mrehani ni kina cha jembe tu.

Udongo wa juu, ule mweusi au wa kijivu wa sentimita 20 za mwanzo, weka upande mmoja. Wa chini, mwekundu au mweupe, weka upande mwingine, na huo usiurudishe ndani. Ukikuta ndago, chukua muda kuzitoa pamoja na vijungu vyake vyeusi vya chini. Ukikata majani tu, kila kijungu kilichobaki kitakuletea ndago nyingine, na ndani ya mizizi ya mwaridi hutaweza tena kuzichimbua.

Changanya mafungu mawili ya udongo wa juu na fungu moja la samadi ya ng'ombe au mboji. Samadi iwe imekaa miezi mitatu au zaidi: ichukue mkononi, ikiwa haina joto, hainuki na inamegeka kama udongo, imeiva. Mbolea ya kuku ni kali, tumia nusu ya kipimo hicho na iwe imekaa zaidi. Jaza shimo, lifanye liwe kilima kidogo kwa sababu litashuka, mwagia ndoo ya maji, acha likae. Bogonvilea ipe samadi kiasi cha nusu. Ukiinenepesha itakupa majani na miiba.

Siku ya kupanda

Panda jioni, au siku ya mawingu. Mwagilia mche saa moja kabla, ndani ya kiriba chake. Fukua nafasi inayotosha, chana kiriba kwa wembe kuanzia juu hadi chini, na shika bonge la udongo kwa viganja viwili. Kamwe usiushike mche kwa shina ukauvuta. Na kiriba kitoke chote. Nimechimbua miche iliyokufa nikakuta plastiki bado imeivaa. Mizizi iliyojizungusha chini ikate kwa wembe, mmea hautaumia, utatoa mingine inayokwenda nje.

Shingo ya mche, pale shina linapokutana na udongo, ibaki usawa uleule iliokuwa nao kitaluni. Ukiizika, itaoza wakati wa mvua. Shindilia kwa kiganja, si kwa kisigino. Tengeneza kingo ya udongo kuzunguka mche, upana wa sinia, ili maji yasikimbie, kisha mwaga lita 10 taratibu hata kama mvua inanukia. Maji hayo kazi yake ni kuziba mianya ya hewa kwenye mizizi.

Simika kuti upande wa magharibi likinge jua la alasiri kwa wiki mbili. Vijiti vya kuegemezea mche vikae upande unakotoka upepo, na kamba ifungwe kwa ulegevu, umbo la nane, isikate ganda.

Nafasi kati ya mimea: mwasumini mita moja na nusu, mwaridi sentimita 75, mchaichai sentimita 60 hadi 90, mrehani sentimita 45. Mwanzoni itaonekana tupu mno. Vumilia, au jaza kwa kunde mwaka wa kwanza. Zitakupa mboga na kuongeza rutuba.

Matandazo na maji: kazi ya kuvusha kiangazi

Mwisho wa Mei, udongo ukiwa bado umelowa, weka matandazo. Wengi huyaweka Julai ardhi imeshakauka, na hapo yanazuia hata manyunyu kufika chini. Tumia majani makavu, nyasi zisizo na mbegu, au makumbi ya nazi, unene wa sentimita 5 hadi 8. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Makumbi ndiyo nayapenda: yaloweke siku mbili na umwage yale maji yake ya kahawia, kisha yalaze mgongo juu. Hushika maji kama sifongo, na mchwa hawayakimbilii kama nyasi. Penye mchwa wengi usitumie nyasi kavu wala vijiti vya mti laini.

Kumwagilia kuna kosa moja kubwa: mpira wa maji dakika mbili kila jioni. Maji hayo hulowesha sentimita tatu za juu, mizizi hubaki huko juu, na siku umeme umekatika pampu isifanye kazi au umesafiri siku nne, mmea umekwisha. Mpe maji mengi na umpe nafasi. Mwezi wa kwanza bila mvua, lita 10 kwa kila kichaka mara mbili kwa wiki. Baada ya hapo lita 20 mara moja kwa wiki, na wakati wa kaskazi rudi mara mbili. Kwenye mchanga mtupu gawanya kiasi hichohicho katika siku nyingi kidogo. Kipimo cha kweli ni kijiti: chomeka kina cha kidole cha kati, kikitoka na udongo umegandia, subiri kesho.

Kwa anayesafiri, chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa kifuniko kwa sindano ya moto, kata kitako, ifukie kichwa chini kando ya mizizi na uijaze. Hudondosha polepole kwa saa nyingi. Chupa mbili kwa kila mche zimevusha miwaridi yangu safari za wiki nzima.

Mwaka wa pili punguza. Bogonvilea hasa, mizizi ikishashika iache ione kiu wiki mbili tatu, ndipo itakapochanua. Ile ya jirani inayowaka rangi wakati yako iko kijani haina siri nyingine, mara nyingi ni kwamba yeye haimwagilii.

Kupogoa

Hapa watu wengi wanaogopa, na ninaelewa. Kukata kitu ulichokilea kwa ndoo kunauma. Lakini mwasumini hutoa maua kwenye vichipukizi vipya, na bila kukata hakuna vichipukizi. Kila duru ya maua ikiisha, kata theluthi moja ya urefu wa matawi yaliyochanua, juu kidogo ya jozi ya majani. Wiki chache baadaye litatoka wimbi jingine. Mara moja kwa mwaka, mwanzoni mwa vuli, ukate zaidi: toa yaliyokufa, yanayosuguana, na yale membamba ya ndani, mpaka uweze kupitisha mkono katikati ya kichaka bila kukwaruzwa.

Chini uache sentimita 30 peupe, pasipo matawi wala rundo la majani. Utasikia wakisema mwasumini huita nyoka. Nyoka hufuata panya na vyura, na hao hupenda vichaka vilivyofunga mpaka ardhini. Ukikifagia chini, hawana pa kujificha.

Mwaridi acha matawi matatu hadi matano yenye afya, yafupishe hadi kama sentimita 45, na kila mkato uwe juu ya jicho linalotazama nje, ili kichaka kifunguke kama kikombe na upepo upite. Mkasi uwe mkali na uusafishe kwa spiriti unapotoka mti mmoja kwenda mwingine. Mlangilangi ukifika mita mbili, kata kilele bila huruma, kisha ning'iniza mawe kwa kamba kwenye matawi ya pembeni yanayosimama wima, yainame. Mrehani chuma ncha kila wiki na usiuruhusu kuzaa mbegu. Mchaichai kata majani sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi, mabua ya nje kwanza.

Wadudu na magonjwa

Wafuate sisimizi. Ukiwaona wanapanda mmea kwa msururu, juu kuna vidukari au vidung'ata, kwa kuwa sisimizi hula utamu unaotolewa na wadudu hao na huwalinda kama mfugaji na mbuzi wake. Wadudu hao wakiwa wachache waponde kwa vidole au waoshe kwa maji ya mpira yenye nguvu. Wakizidi, koroga kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, nyunyiza jioni, chini ya majani, rudia baada ya siku tano. Kwa wasiosikia hilo, twanga kilo moja ya majani ya mwarobaini, loweka katika lita 5 za maji usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza siku hiyohiyo. Jaribu kwanza kwenye tawi moja uone kama majani yanavumilia.

Masika huleta konokono wakubwa. Toka usiku na tochi, waokote kwa glavu au mfuko wa plastiki, kisha unawe mikono. Mwaridi masika hupata madoa meusi na ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga: chuma majani yaliyougua, yachome, yasiende kwenye shimo la mboji, na kumwagilia kuwe chini, si juu ya majani.

Mmea ukidumaa bila sababu, chimbua kidogo pembeni. Mizizi yenye vinundu kama shanga ina minyoo fundo. Ng'oa, choma, usihamishe udongo wa hapo, na panda bangi ya Meksiko, yale maua ya manjano yenye harufu kali, msimu mzima kabla ya kurudisha kitu kingine.

Samadi ya kila mwaka

Mara mbili inatosha: Machi na Oktoba, mvua inapokaribia. Sogeza matandazo, mwaga ndoo ya lita 10 ya samadi iliyoiva kwa kila kichaka kikubwa, nusu kwa kidogo, izungushe pale kivuli cha matawi kinapoishia kwa sababu mizizi inayokula iko huko, kwaruza kidogo kwa jembe dogo, rudisha matandazo. Kiangazi usitie chochote.

Masika ya pili

Mvua zikirudi, mmea uliovuka utauona: shina limenenepa, vichipukizi vinatoka chini. Huu ndio wakati wa kugawa mchaichai, kisha urudie kila mwaka wa pili au wa tatu. Chimbua shina lote, kata vipande kwa panga, kila kimoja kiwe na mabua manne au matano na mizizi yake, punguza majani hadi kiganja kimoja, na panda siku hiyohiyo. Shina lisilogawanywa hufa katikati na kubaki duara la majani pembeni.

Na uanze kuchuma. Langilangi huchumwa alfajiri likishakuwa la manjano. La kijani halina harufu bado. Asumini huchumwa jioni, saa kumi na moja hivi, vitumba vikiwa vyeupe na vimefumba, kwa kubana shingo ya ua kwa kucha bila kuvuta tawi. Vitandaze kwenye kitambaa chenye unyevunyevu, usivirundike, visije vikapata joto vikawa kahawia. Kama ni kwa ajili ya kikuba, tunga kwa uzi vikiwa bado vimefumba, tia rehani katikati na kipande cha langilangi, funga, nyunyiza maji kidogo. Vitafunguka vyenyewe baada ya isha, vikiwa tayari kifuani kwa mwenye kuvaa.